Mtoto kadungwa kalamu ya adrenalini, akapata nafuu, kisha mzio ukarudi. Kwa nini?

#1 MamaTumaini
Wakuu habari. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa wazazi wa watoto wenye mzio na walio kwenye fani ya afya.

Mwanangu ana miaka 8, ana mzio mkali wa karanga. Juzi shuleni alikula biskuti ya chokoleti ya mwenzake, kumbe ndani ina siagi ya karanga. Mdomo ukaanza kumwasha, mabaka yakamtoka shingoni, akatapika, kisha akashikwa na kikohozi kikavu kisichokatika na sauti ikakwaruza. Mwalimu wake akamdunga pajani kalamu ya adrenalini, ile sindano ya dharura yenye umbo la kalamu. Namshukuru sana yule mama, hakutetereka. Baada ya kama dakika kumi mtoto alikuwa anaongea vizuri na mabaka yamefifia. Wakamkimbiza hospitali, nikawakuta huko.

Sasa tuko wodini, anacheka, anadai ana njaa, mara kikohozi kile kile kikarudi. Kifua kikaanza kupiga mluzi, macho yakavimba. Ikabidi adungwe adrenalini tena na kuwekewa oksijeni, tukalala huko huko. Hapo katikati hajala chochote, nilikuwa naye muda wote.

Ninachotaka kujua: ile sindano ya kwanza ilifanya kazi au haikufanya? Niliuliza wahudumu tofauti, kila mmoja na jibu lake. Na kama mzio unaweza kurudi namna hii, aliye mbali na hospitali afanyeje?

#2 BabaMapacha
Pole sana mama, na hongera kwa mwalimu. Wangu mmoja ana mzio wa maziwa. Daktari wetu alituonya mapema kwamba mzio unaweza kuja kwa awamu mbili, wa kwanza unatulia halafu wa pili unakuja wenyewe. Nadhani ndicho kilichompata kijana.

#3 Nesi_wa_Zamu
Pole dada. Anachosema BabaMapacha kipo. Dalili zinaisha, halafu zinarudi bila mtoto kugusa tena kilichomdhuru. Mara nyingi hurudi ndani ya saa chache za mwanzo, ila zimewahi kurudi hata ndani ya saa 72. Si wengi, ni kama 5 katika kila wagonjwa 100 wa mshtuko wa mzio (mzio mkali unaoshika mwili mzima), lakini huwezi kujua mapema ni yupi atakayerudiwa. Ndiyo maana mtoto hata akiwa anarukaruka kitandani hatumruhusu mapema. Wazazi wanatununia, wanaona tunawachelewesha, lakini kwa hali aliyokuwa nayo huyu kijana ningemshikilia saa 6 au zaidi.

Na kwa maelezo yako mwalimu alipatia. Ngozi, tumbo na pumzi vyote kwa mpigo, hapo hakuna cha kusubiri.

#4 KijanaWaMaabara
Nesi, hizo takwimu nazikubali, ila sidhani kama ndicho kilichotokea hapa. Ili tuseme ni awamu ya pili, ya kwanza lazima iwe imekwisha kabisa. Mleta uzi kasema mabaka yalififia, hajasema yaliisha.

Mimi naona ni mzio ule ule mmoja. Adrenalini haikai mwilini, ikishaingia kwenye damu nusu yake inavunjwa ndani ya dakika chache. Ikidungwa kwenye msuli inaendelea kuingia damuni polepole, kwa hiyo nafuu inadumu kidogo, lakini ina mwisho. Wakati huo huo karanga bado iko tumboni, tena imechanganywa na chokoleti yenye mafuta, inafyonzwa taratibu. Seli za masti, zile seli za kinga zinazoamsha mzio, zinaendelea kumwaga histamini na kemikali nyingine zinazoleta dalili. Dawa imepungua nguvu, chanzo bado kipo. Hakuna cha pili hapo.

#5 Chui_Mpole
Mnazunguka sana. Dawa ilikuwa imeharibika kwa joto. Watu wanazitupa hizi kalamu kwenye mabegi, kwenye magari, dirishani juani. Maelekezo yanasema zikae kwenye nyuzijoto 20 hadi 25, na zikipanda au kushuka kwa muda zisivuke 15 na 30. Mama, hiyo kalamu ilikuwa inatunzwa wapi?

#6 MamaTumaini
Asanteni. @Chui_Mpole ilikuwa kwenye kabati la huduma ya kwanza ofisini kwa walimu, haipigwi na jua. Muda wake ulikuwa haujaisha. Kile kidirisha chake nilikiangalia shule ilipofunguliwa, dawa ilikuwa angavu kama maji.

@KijanaWaMaabara sina uhakika kama mabaka yaliisha kabisa. Alikuwa na sweta.

#7 Mfamasia_J
Kabla hatujahukumu joto, naomba mambo mawili: mtoto ana kilo ngapi, na kalamu ilikuwa ya kipimo gani? Angalia ubavuni, imeandikwa kwa miligramu.

#8 MamaTumaini
Wodini walimpima wakapata kilo 27. Kalamu ni 0.15.

#9 Mfamasia_J
Haya, tuanzie hapo. Kipimo cha adrenalini kwa mtoto mwenye mshtuko wa mzio ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.3 kwa mtoto. Kilo 27 ni 0.27. Yeye kapata 0.15, yaani kama nusu na kidogo ya alichohitaji.

Sisemi kuna aliyekosea. Kalamu nyingi ziko za ukubwa miwili tu, 0.15 na 0.3, hakuna ya katikati. Lakini kwangu mimi maelezo ya kwanza ni hayo: dawa ilifanya kazi kwa kiasi chake, na kiasi chenyewe kilikuwa kidogo.

#10 BabaMapacha
Mbona karatasi ya ndani ya boksi letu imeandikwa 0.15 ni ya kilo 15 hadi 30? Kwa hiyo kilo 27 bado ni halali.

#11 Mfamasia_J
Ni kweli, karatasi nyingi zinasema hivyo. Ila mwaka 2017 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba 0.3 inafaa kuanzia kilo 25, kwa sababu hiyo hiyo ya hesabu. Waingereza kwa upande wao, mhudumu anapotumia bomba la sindano, wanakwenda kwa umri: miezi 6 hadi miaka 6 ni 0.15, miaka 6 hadi 12 ni 0.3, kuzidi hapo 0.5. Kwa utaratibu huo mtoto wa miaka 8 angepata 0.3. Kwa hiyo kalamu haikuwa kinyume cha maandishi, ila daktari mwingine angekuwa ameshambadilishia. Watoto wanakua na kalamu inabaki ile ile. Kila mkienda kuchukua mpya, mtoto apande mzani kwanza.

#12 Chui_Mpole
Sawa, la joto naliacha kwa huyu mtoto. Ila nalishikilia kwa wengine. Tena kuna wanaoziweka kwenye friji wakidhani ndiyo kuzitunza.

#13 Mfamasia_J
Hapo uko sahihi kabisa, Chui. Friji hapana, na gari lililoegeshwa juani hapana. Dawa ikigeuka rangi ikawa kama ya kahawia, au ukiona vipande vinaelea, tafuta nyingine haraka. Lakini niongeze jambo ambalo watu hawaambiwi: kama mtoto anakata pumzi na uliyonayo mkononi ni iliyopitiwa na tarehe, ikiwa dawa bado ni angavu, mdunge. Mwaka 2017 kuna utafiti wa Marekani ulipima kalamu zilizopitiwa na muda, nyingine kwa miaka, na zote zilikuwa bado na zaidi ya asilimia 80 ya dawa. Si ruhusa ya kutonunua mpya. Ni kwa ile dakika ambayo huna nyingine.

#14 Mwalimu_Zai
Nimesoma uzi huu kwa makini maana darasani kwangu nina watoto wawili wenye kalamu. Swali kwa mama: mwalimu aliishikilia pajani kwa muda gani? Sisi tulifundishwa sekunde 10, semina ya karibuni tukaambiwa 3. Walimu wamebaki njia panda.

#15 MamaTumaini
Nimempigia sasa hivi. Anasema alihesabu hadi tatu, kama ilivyoandikwa kwenye kalamu. Ila amesema jambo jingine linalomsumbua hadi leo: alipoichomoa akaona kwenye kidirisha bado kuna dawa imebaki. Anaogopa labda haikuingia yote.

#16 Nesi_wa_Zamu
Mwambie alale usingizi. Kalamu aina ya EpiPen ina mililita 2 ndani, lakini imetengenezwa isukume mililita 0.3 tu. Inayobaki ndiyo nyingi, na itabaki daima. Haiwezi kutumika tena, na msijaribu kuipasua. Dalili ya kuwa imefyatuka ni ile ncha ya rangi ya chungwa kurefuka na kuifunika sindano.

@Mwalimu_Zai, sekunde zinategemea aina. EpiPen zamani ilikuwa 10, sasa ni 3. Jext bado ni 10. Auvi-Q, ile inayoongea yenyewe, ni 2. Someni iliyopo mkononi, na kila mtoto mwenye kalamu, karatasi ya aina yake ibandikwe pale pale inapotunzwa.

Sababu mojawapo ya kupunguza sekunde ni watoto wenyewe. Mtoto anapiga mateke sindano ikiwa ndani, msuli unachanika. Kwa hiyo kabla ya kudunga, mlaze au mpakate, miguu yake ibane katikati ya yako, mkono mmoja ushike goti lisiruke. Kisha katikati ya paja, upande wa nje. Nguo haizuii, ila epuka mfuko wenye kitu ndani na mishono minene ya suruali.

#17 Mwalimu_Zai
Shukrani Nesi. Wanafunzi wangu wenyewe wanajua: "bluu juu angani, chungwa pajani." Kifuniko cha bluu unakichomoa, ncha ya chungwa ndiyo inayogusa paja. Kuna mmoja hana hata mzio, lakini ndiye anayewakumbusha wenzake.

#18 Tabibu_Mtarajiwa
Huyo mpeni nafasi yangu chuoni, maana mwaka wa kwanza kuna tulioishika ile ya mazoezi kinyume.

#19 Nesi_wa_Zamu
Si la kucheka sana, Mtarajiwa. Kuna watu wazima wanajidunga dole gumba kwa kuweka kidole kwenye ncha wakidhani ndiyo kitufe. Kidole kinakuwa cheupe na baridi kwa sababu mishipa imebana, na hapo unahitaji hospitali wewe pia, huku mtoto hajapata dawa yake. Ishike kwa ngumi, kidole kisikae kwenye ncha yoyote.

#20 Mzee_Jabali
Nimesoma hadi hapa nanyamaza, sasa niseme. Adrenalini ni dawa ya moyo. Mtoto wa miaka 8 kadungwa mara mbili kwa siku moja na hapa mnazungumzia kumwongezea kipimo! Kwa nini asianze na ile dawa ya mzio ya kunywa, ikishindwa ndipo sindano? Enzi zetu sindano ilikuwa ya mwisho.

#21 Nesi_wa_Zamu
Shikamoo mzee. Hofu yako ni ya wengi, na ndiyo inayochelewesha mikono ya watu.

Dawa ya kunywa inatuliza muwasho na mabaka. Haifungui koo lililovimba, haipandishi presha iliyoshuka, na yenyewe inahitaji nusu saa au zaidi kuanza kazi. Adrenalini inafanya yote hayo kwa pamoja: inabana mishipa presha ipande, inapunguza uvimbe wa koo, inapanua njia za hewa, na inazizuia zile seli za KijanaWaMaabara zisiendelee kumwaga kemikali.

Kuna daktari wa Uingereza, Pumphrey, mwaka 2000 alichapisha uchunguzi wa vifo vya mzio. Kwa waliodhurika na chakula, muda wa kati hadi pumzi au moyo kusimama ulikuwa dakika 30. Kwa walioumwa na wadudu, dakika 15. Ukianza na kijiko cha dawa na kukaa kusubiri, hizo dakika ndizo umezitumia.

Kuhusu moyo: mtoto atatetemeka, atapauka, moyo utaenda mbio, pengine kichwa kimuume. Vinapita. Madhara makubwa ya adrenalini mara nyingi yanatokana na kuipitisha kwenye mshipa wa damu au kukosea kipimo, na kalamu imetengenezwa kuepusha hayo mawili.

#22 Mama_Neema
Mzee Jabali, shikamoo. Nikupe la kwangu. Binti yangu alikuwa na miaka 5, nyuki akamuuma shingoni. Hakutoka hata kipele. Alikaa chini, akasema anasikia usingizi, midomo ikawa na rangi ya majivu. Shangazi yake, ambaye kalamu yake mwenyewe haitoki mkobani, akasema huyu presha inashuka, akamdunga. Jirani alikuwa anapiga kelele kwamba mtoto hana mabaka, mnamdunga nini. Tulipofika hospitali presha ilikuwa bado ya chini hata baada ya sindano. Sitaki kufikiria ingekuwaje bila ile ya kwanza.

Kwa hiyo wanaosubiri mabaka ndipo wadunge, msisubiri.

#23 Nesi_wa_Zamu
Asante Mama Neema. Kati ya watu 100 wenye mshtuko wa mzio, 10 hadi 20 hawaonyeshi chochote kwenye ngozi. Na watoto wachanga ndio wagumu zaidi kuwasoma. Angalia kilio kinachokwaruza ghafla, kutapika mfululizo, kulegea mwili mzima, kupauka, usingizi usio wa kawaida mara baada ya kula.

#24 Mzee_Jabali
Marahaba wanangu. Hilo la kijiko kula dakika za mtoto nimelielewa. Lakini bado nauliza: kama presha haijashuka, ni mabaka na kutapika tu, mnadunga?

#25 Tabibu_Mtarajiwa
Mzee, mabaka peke yake hapana. Mabaka pamoja na kutapika baada ya kula kitu anachojulikana kuwa na mzio nacho, vinahesabika, hasa kutapika kukiwa kukali na kusikokoma. Na pumzi ikiguswa, hata kama ngozi ni safi, dunga. Ukiwa na shaka, dunga. Mtoto mwenye afya aliyedungwa bila ulazima atatetemeka kidogo. Aliyekosa wakati wa ulazima ndiye wa kumlilia.

#26 BabaMapacha
Mama Tumaini, samahani nakuchimba. Baada ya sindano ya kwanza mtoto alikwendaje kwenye gari? Alibebwa?

#27 MamaTumaini
Alitembea. Mwalimu anasema alikuwa ameshachangamka, akakataa kubebwa mbele ya wenzake.

#28 BabaMapacha
Nauliza kwa sababu sisi tulikatazwa kabisa. Mtoto alale chali na miguu iinuliwe, kama pumzi inambana akae lakini miguu inyooke, asisimame wala kutembea hata akijisikia mzima. Ukisimama damu inashuka miguuni, moyo unakosa cha kusukuma. Sijui kama kutembea kunaweza kuurudisha mzio saa kadhaa baadaye, Nesi atusaidie.

#29 Nesi_wa_Zamu
Hatari ya kusimama ni ya papo hapo. Huyo huyo Pumphrey mwaka 2003 aliandika kuhusu watu waliokufa mara tu baada ya kuinuliwa au kukalishwa. Mtoto aliyerudiwa na kikohozi akiwa tayari kitandani, sioni kama ni kutembea. Ila mlichofundishwa ni sahihi, na mshukuru aliyewafundisha.

#30 KijanaWaMaabara
Tuhesabu. Nesi anasema awamu ya pili. Mfamasia anasema kipimo kidogo. Mimi nasema karanga iliendelea kuingia. Hakuna aliyeuliza ilichukua muda gani kati ya kula na kudungwa. Adrenalini ikichelewa, uwezekano wa kuhitaji ya pili unaongezeka.

#31 MamaTumaini
Hakuchelewa sana. Mtoto alisema mdomo unamwasha, mwalimu akampa kwanza ile dawa ya kunywa kama mpango wetu ulivyoandikwa kwa dalili ndogo. Alipotapika na kukohoa ndipo akadunga. Wanakadiria robo saa kwa jumla.

Tena ana pumu, nilisahau kusema. Wiki hiyo alikuwa na mafua.

#32 Mfamasia_J
Mama, hilo la pumu ungelitaja kwenye #1, tungekuwa tumeshabishana mara mbili zaidi.

Sasa inaingia sababu ya nne. Pumu isiyotulia, na mafua juu yake, vinaifanya mirija ya hewa iwe tayari kubana. Huenda mluzi wa wodini nusu yake ulikuwa pumu iliyoamshwa na mzio. Lakini macho kuvimba si pumu. Kwa hiyo sijui niiweke wapi.

#33 Nesi_wa_Zamu
Na kwa hali hiyo adrenalini inatangulia, ile pampu ya kuvuta ya pumu inafuata. Pampu peke yake haigusi presha wala uvimbe wa koo. Naliweka hapa kwa sababu nimeshaona wazazi wanampulizia mtoto pampu mara kumi huku kalamu iko kwenye begi.

#34 Mgeni_Jukwaani
Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Swali langu: sisi tuliko kalamu hazipatikani kabisa. Mtoto wangu ana mzio wa mayai. Tufanyeje?

#35 Mfamasia_J
Karibu. Uko na wengi, nchi nyingi hazina kalamu hizi. Lakini adrenalini yenyewe ni dawa ya zamani sana, Takamine aliitenga mwaka 1901, na kichupa cha miligramu 1 kwenye mililita 1 kinapatikana karibu kila hospitali. Muombe daktari wa mtoto awafundishe kuvuta kwa bomba dogo la mililita 1. Kwa nguvu hiyo ya dawa, kilo 20 ni mililita 0.2.

Mambo matatu ya kuzingatia. Mfanye mazoezi kwa maji mkiwa watulivu, kwa sababu mkono unaotetemeka unavuta dozi ya mtu mzima bila kujua. Kipimo kiandikwe kwa mililita, kwa wino, kwenye boksi lenyewe, na kibadilishwe uzito unapobadilika. Na ni kwenye msuli wa paja, si chini ya ngozi. Mwaka 1998 Simons na wenzake walipima watoto: iliyodungwa msuli wa paja ilifika kileleni damuni kwa wastani wa dakika 8, iliyodungwa chini ya ngozi dakika 34.

Hospitali nyingine huwapa wazazi bomba lililovutwa tayari. Hilo halidumu kama kalamu, lazima mrudi kubadilishiwa kwa ratiba watakayowapa.

#36 Mwanahistoria_wa_Tiba
Mmemtaja Takamine, basi niingie. Ugunduzi wa mshtuko wa mzio ulianzia baharini. Charles Richet na Paul Portier walikuwa kwenye meli ya mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu ya viumbe vya bahari. Waliporudi wakawadunga mbwa sumu ya anemoni wa baharini kidogo kidogo, wakitarajia watazoea. Mbwa aliyestahimili dozi ya kwanza akafa ndani ya nusu saa alipopewa tena dozi ndogo wiki kadhaa baadaye. Wakalitangaza mwaka 1902, na 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel. Kalamu nayo ilitokana na kifaa cha jeshi cha kujidunga dawa ya kuzima sumu za mishipa ya fahamu. Mhandisi Sheldon Kaplan ndiye aliyekibuni, na EpiPen ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987.

#37 Chui_Mpole
Mwanahistoria akiingia uzi unapanda meli. Lakini nimejifunza.

#38 Mama_Neema
Na adrenalini ya kupulizia puani imefikia wapi? Binti yangu sasa ni mkubwa na anaogopa sindano kuliko nyuki.

#39 Tabibu_Mtarajiwa
Marekani waliidhinisha ya miligramu 2 Agosti 2024 kwa wenye kilo 30 na zaidi, inaitwa neffy. Machi 2025 wakaongeza ya miligramu 1 kwa kilo 15 hadi 30, kuanzia miaka 4. Usishtuke kuona miligramu nyingi kuliko kalamu, puani inafyonzwa sehemu tu. Hadi uipate, kalamu ibaki mkobani.

#40 MamaTumaini
Narudi na majibu ya kliniki ya mzio. Mtoto amehamishiwa kalamu za 0.3. Tumepewa mbili ziandamane naye popote, na nyingine mbili za shule. Mpango umeandikwa upya: ukidunga ya kwanza, piga simu ya dharura na sema "mshtuko wa mzio", laza mtoto, angalia saa. Dakika 5 zikipita bila nafuu, au ikija nafuu kisha dalili zikarudi wakati wowote, dunga ya pili. Hilo ndilo jibu la swali langu la aliye mbali na hospitali. Na ile dawa ya kunywa imeondolewa juu ya ukurasa ikawekwa chini.

Kuhusu sababu, daktari alisikiliza zote mlizosema, akasema kipimo na awamu ya pili vyote vinawezekana, na kwamba hata vile vipimo vya damu vya triptase (kemikali inayomwagwa na seli za masti) walivyochukua wodini visingetuamulia, maana kwa mzio wa chakula mara nyingi vinatoka kawaida.

Mwalimu nimempelekea #16. Amesoma mara mbili akanijibu kwa kilio cha furaha.

#41 KijanaWaMaabara
Furaha kubwa mama. Ila daktari kaacha yangu ya karanga kuendelea kufyonzwa. Nesi, tuendelee?

#42 Nesi_wa_Zamu
Tuendelee kesho, naingia zamu. Nitakuuliza tu: kama ilikuwa inafyonzwa mfululizo, kwa nini alikuwa mzima kabisa akidai chakula?

#43 Mgeni_Jukwaani
Mfamasia, samahani, nimesahau kusema mtoto wangu ana kilo 11. Ndugu yetu yuko nje ya nchi, anaweza kututumia kalamu. Aombe ya kipimo gani?

#44 Mfamasia_J
Kwa kilo 7.5 hadi 15 ipo ya 0.1, Auvi-Q, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, na sindano yake ni fupi. Isipopatikana, madaktari wengi hukubali 0.15 hata kwa kilo 11, kwa kuwa kuzidi kidogo ni afadhali kuliko kukosa. Shida inayobaki ni urefu wa sindano: kwa paja jembamba inaweza kugonga mfupa. Mpeleke mtoto kwa daktari amshike paja lenyewe aone nyama iliyopo, ndipo umwambie ndugu yako anunue ipi. Na msiache kujifunza lile bomba la #35 mkiwa mnasubiri mzigo.